SOMO: Polisi aliyefundisha ngumi



Leo tunajifunza namna ya kumpokea kijana mwenye hasira.

Mwaka 1954, katika mji wa Louisville, Marekani, mtoto wa miaka 12 aliibiwa baiskeli. Alimwendea polisi mmoja, Joe Martin, akiapa kwamba atampiga mwizi. Martin hakumcheka wala kumfukuza. Alimwambia ajifunze kwanza kupigana. Baada ya kazi, polisi huyo alifundisha mchezo wa ngumi, akipokea watoto weusi na weupe pamoja, wakati shule za mji huo zilikuwa zinawatenganisha.

Baiskeli haikupatikana. Lakini mtoto alipata mazoezi, kanuni na mtu mzima wa kumfuatilia. Mwaka 1960 alishinda medali ya dhahabu katika Olimpiki ya Roma. Ndiye Muhammad Ali, aliyemshinda George Foreman hapa kwetu Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974.

Vijana wetu wamenyang'anywa zaidi ya baiskeli: ng'ombe, mashamba, hata wazazi. Makundi ya silaha yanajua kuwapokea upesi. Sisi je? Mpira na kiwanja havirudishi shamba, na haki lazima tuendelee kuidai. Lakini kijana anayesikilizwa na kufundishwa hana haraka ya kushika bunduki.

Maswali ya kujadiliana:
1. Kijana aliyeonewa anamwendea nani hapa kambini?
2. Nani kati yetu anaweza kufundisha mchezo bila kubagua kabila?