Mzazi Kando ya Kiwanja: Maswali kutoka Luvungi

Maswali yafuatayo ndiyo yanayorudiwa mno na wazazi wa Luvungi na wa vijiji vingine vya Uwanda wa Ruzizi, na barua zilizofanana zimepewa jibu moja. Mambo yanayojulikana kwa akili ya kawaida, kama ukubwa wa viatu, yameachwa.

Je, ni kweli kwamba msichana anayecheza mpira wa miguu hukosa uzazi?

Si kweli. Kizazi, yaani mji wa mimba, kimehifadhiwa ndani ya fupanyonga, ambalo ni pete ya mifupa iliyo chini ya kiuno, na kukimbia au kuruka hakukihamishi mahali pake. Uvumi wa namna hii haukuzaliwa Uwandani: mwaka 1921 Chama cha Soka cha Uingereza kiliwafungia wanawake viwanja vya vilabu vyake kwa madai kwamba mchezo huo hauwafai, na marufuku hiyo ikadumu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970; vivyo hivyo, mbio za meta 800 za wanawake ziliondolewa baada ya Olimpiki ya 1928, zisirudi hadi 1960. Faith Kipyegon wa Kenya alijifungua mwaka 2018, kisha akatwaa dhahabu ya Olimpiki ya meta 1,500 Tokyo na tena Paris, na hapa Kongo wanawake wa TP Mazembe ya Lubumbashi walinyakua Ligi ya Mabingwa ya Afrika mwaka 2024. Linaloshangaza ni kwamba mzazi anayeuogopa mpira humtwisha binti huyo huyo kidumu cha lita 20 au mzigo wa mihogo kila siku, wala haulizi habari za kizazi. Linalostahili kuangaliwa ni lishe, kwa sababu msichana anayefanya mazoezi makali huku akila kidogo anaweza kukosa hedhi, na hapo anahitaji chakula cha kutosha, mapumziko na ushauri wa muuguzi, si kufungiwa nyumbani.

Je, mtoto achanjwe chale na kutiwa dawa ya kuongeza nguvu miguuni?

Hapana, wembe unaotumiwa kwa watoto wengi huwaachia homa ya ini na UKIMWI, si mabao.

Mtu anayejiita wakala anadai pesa ili ampeleke mvulana wa miaka 14 katika klabu ya ng'ambo. Aaminiwe?

Asipewe hata faranga moja. Kanuni za FIFA za uhamisho wa wachezaji, katika kifungu cha 19, zinakataza aliye chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Mojawapo ya hali hizo inaweza kuihusu Luvungi, kwa kuwa Mto Ruzizi unaoitenganisha Kongo na Burundi uko jirani: makazi ya mtoto na klabu yawe ndani ya kilomita 50 kutoka mpakani, mtoto aendelee kuishi kwao, na mashirikisho ya nchi zote mbili yaridhie. Anayetaja Ulaya huku akinyoosha mkono apokee malipo ni tapeli, hata akija na jezi na picha za viwanja.

Je, kuna ubaya gani kumpunguzia mtoto miaka?

Ni kughushi, na tangu 2009 FIFA hutumia mashine za sumaku kupiga picha ya kifundo cha mkono katika mashindano ya walio chini ya miaka 17, ili kuona kama mfupa umekwisha kukomaa.

Wazazi wanaopaza sauti wakati wa mechi wanasaidia au wanaharibu?

Wanaharibu. Mtoto anayesikia amri ya baba upande mmoja na ya kocha, anayeitwa antrenere Uwandani, upande wa pili, hubaki ameduwaa wakati ule ule anaotakiwa kuamua mwenyewe. Naye anayechapwa kwa sababu timu imefungwa huacha kujaribu, maana asiyejaribu hakosei. Kushangilia kunatosha. Kusahihisha makosa ya mchezo ni kazi ya kocha, tena siku ya mazoezi, si njiani kurudi nyumbani mtoto akiwa na njaa.

Mtoto anywe maji gani kiwanjani?

Yaliyochemshwa au kutiwa klorini, akiyabeba kutoka nyumbani, kwa kuwa kipindupindu ni ugonjwa wa kudumu katika eneo la Uvira, na maji ya mifereji ya mashamba ya mpunga hayafai kunywewa hata kama kocha mwenyewe anainama kuchota.