IJUE DARUBINI: IPI BORA KATI YA TATU?

Mpenzi msomaji, je, wajua tofauti kati ya darubini na hadubini? Usicheke. Katika jaribio la muhula uliopita wengi wetu tulizichanganya. Hadubini hukuza vitu vidogo vilivyo karibu, kwa mfano seli za jani la chai. Darubini huvileta karibu vitu vilivyo mbali. Makala haya yanahusu darubini. Yanahusu pia kosa langu mwenyewe, ambalo nimeona heri niliandike kuliko kulificha.

Huku kwetu kwenye majani chai, baina ya Litein na Sotik, mvua haina adabu. Hunyesha karibu mwaka mzima, hasa alasiri, na usiku mawingu hutanda. Chai hufurahi, mtazama nyota hununa. Ni kuanzia Desemba hadi Februari tu ambapo mbingu hupumzika kidogo. Kwa hivyo darubini ya shule ililala stoo tangu Machi 2025, ikatolewa tena Januari 2026. Mtunza vifaa wa chama nilikuwa mimi.

Shule yetu ni ya kutwa, na kubaki usiku si mchezo. Mwalimu wa Fizikia aliwaandikia wazazi barua: kila mwanafunzi aje na mtu mzima wa kumrudisha nyumbani. Mimi nilikuja na mama, ambaye alikuwa amechuma chai tangu asubuhi. Njiani aliniuliza, "Mwanangu, hizo nyota zitalipa karo?" Sikuwa na jibu.

VIFAA VYETU

(a) Darubini ya lenzi, mali ya shule. Kipenyo cha lenzi ya mbele ni milimita 60, urefu wa fokasi milimita 700. Nuru hupita kwenye lenzi, ikapinda na kukutana nyuma.

(b) Darubini ya kioo, mali ya mwalimu. Kipenyo milimita 114, fokasi milimita 900. Nuru huangukia kioo kilichobonyea kule chini ya bomba, kama vile tuliyosoma kidato cha pili, ikarudishwa juu. Isaac Newton aliunda darubini ya namna hii mwaka 1668, kwa kuwa lenzi za wakati ule zilitia rangi rangi pembeni mwa picha.

(c) Darubini ya macho mawili, ya baba wa mwenzetu. Imeandikwa 10x50, maana yake hukuza mara 10, na kila lenzi ya mbele ina kipenyo cha milimita 50.

Ubishi ulianza papo hapo. Sanduku la darubini (a) limeandikwa kwamba inakuza mara 525! Wenzangu wakapiga makofi. Mwalimu akatabasamu tu, akasema tufanye hesabu.

HESABU

Ukuzaji hupatikana kwa kugawanya fokasi ya lenzi kubwa, au kioo, kwa fokasi ya lenzi ya jicho.

Darubini (a): 700 ÷ 20 = 35.
Darubini (b): 900 ÷ 25 = 36.

Kumbe zinalingana! Na zile 525 zatoka wapi? Ukitia lenzi ya jicho ya milimita 4 utapata 175, na ukiongeza lenzi nyingine ya kuzidisha mara 3, ndio hizo 525. Lakini nuru iliyoingia ni ile ile kidogo. Ni kama kuongeza maji katika kikombe kimoja cha chai: vikombe vitakuwa vingi, lakini si chai tena. Kanuni ni kutopita mara mbili ya milimita za kipenyo. Kwa darubini (a), mwisho ni kama mara 120.

Basi tofauti iko wapi? Iko kwenye nuru. 114 ÷ 60 = 1.9, na 1.9 x 1.9 = 3.61. Darubini (b) hukusanya nuru zaidi ya mara tatu na nusu kuliko (a).

TULIYOYAONA

Saa moja na nusu usiku mwezi mwandamo ulikuwa magharibi. Mama alitazama akasema, "Kumbe nako kuna mabonde kama kwetu!" Zohali ilionekana na pete nyembamba kama sindano. Mwalimu alieleza kuwa mwezi Machi 2025 dunia ilipita usawa wa pete hizo, na bado tulikuwa tunazitazama karibu ubavuni. Mashariki ilikuwepo Mshtarii, na kando yake vidoto, yaani miezi yake. Galileo aliona minne mwaka 1610.

Kilimia hakikuenea katika darubini (a) wala (b). Katika (c) kilionekana chote, kama shanga zilizomwagika. Wahenga walisema kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Na Wanandi, ndugu zetu, huziita nyota hizo Koremerik, na walizitumia kubashiri mavuno.

Lakini darubini (a) ilionyesha kila kitu kwa ukungu. Wenzangu wakapitisha hukumu: "Darubini za lenzi ni bure kabisa!" Katibu akashika kalamu aandike.

Hapo moyo ukanidunda. Machi 2025 tulipomaliza, darubini ile ilikuwa imelowa umande. Mimi nilikuwa na haraka ya kwenda nyumbani, nikaifunga mbichi ndani ya nailoni. Januari nilipoifungua niliona kuvu kwenye lenzi kama utando wa buibui, nikanyamaza. Sasa chama kizima kilikuwa kinaandika uongo kwa sababu yangu. Hatukuwa tunalinganisha lenzi na kioo. Tulikuwa tunalinganisha kioo na uzembe wangu.

Niliinua mkono nikasema. Kimya kikatanda. Mwalimu alimulika tochi, wote wakaona. Alisema tu, "Katibu, andika na hilo." Ufunguo wa stoo nilinyang'anywa hadi muhula wa pili.

Tukirudi nyumbani mama aliniambia, "Majani mabichi ukiyafungia kwenye nailoni huoza. Wewe mtoto wa mchuma chai hukujua?"

MAFUNZO

1. Darubini iliyolowa iachwe ikauke chumbani kabla ya kufungiwa.
2. Weka sandukuni vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya.
3. Usifute lenzi kwa shati au kidole.
4. USITAZAME JUA KAMWE kwa darubini. Utapofuka.
5. Ipi bora? Kwa sayari, (b). Kwa kilimia, (c). Kuhusu (a), tutajua ikisafishwa.

Tena tusidhani mambo haya ni ya Ulaya tu. Setilaiti ya kwanza ya kuchunguza eksirei za angani ilirushwa kutoka pwani yetu karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970, ikaitwa Uhuru. Na Mkenya Susan Murabana huzunguka shuleni na darubini akiwafunza watoto.

ZOEZI: Mboni ya jicho gizani hufunguka kama milimita 7. Lenzi moja ya darubini (c) hukusanya nuru mara ngapi zaidi ya jicho? Jibu uniletee darasani, kidato cha tatu.