Taa za Kuzama Darini: Kuchagua Umbo na Umaliziaji kwa Kuzingatia Afya ya Macho

Utangulizi

Nyumba nyingi mpya zinazojengwa Unguja, kuanzia Mbweni na Kiembesamaki hadi Fuoni na Bububu, huwekwa dari ya jipsamu yenye taa ndogo za mviringo zilizozamishwa ndani yake. Mwenye nyumba huzichagua dukani kwa kutazama bei na mng'aro wa ringi, kisha fundi huzipanga kwa safu. Ni nadra kuulizwa swali ambalo daktari wa macho angelianza nalo: ni nani atakayeishi chini ya taa hizi, na jicho lake lina umri gani?

Swali hilo si la anasa. Shirika la Afya Duniani linataja kuanguka kuwa sababu ya pili duniani ya vifo vinavyotokana na majeraha yasiyokusudiwa, baada ya ajali za barabarani, na wanaoathirika zaidi ni wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Mzee aliyevunjika nyonga mara nyingi harejei katika uwezo wake wa awali wa kutembea. Mwanga mbaya ni mojawapo ya sababu za kuanguka ambazo familia inaweza kuziondoa bila dawa wala upasuaji.

Jicho linavyozeeka

Kadiri umri unavyosonga, mboni hupungua upana na lenzi hugeuka kuwa ya manjano. Kwa sababu hiyo, retina ya mtu wa miaka 60 hupokea takriban theluthi moja tu ya mwanga unaoifikia retina ya kijana wa miaka 20 katika chumba kilekile. Mzee, basi, anahitaji mwanga mwingi zaidi.

Hata hivyo, wingi peke yake hautoshi. Mtoto wa jicho anapoanza kujengeka, lenzi hutawanya miale badala ya kuipitisha kwa unyoofu. Taa kali inayoonekana moja kwa moja humfunikia mgonjwa kila kitu kwa ukungu mweupe. Aidha, jicho la mzee huchelewa kuzoea giza baada ya mwanga mkali. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya somo hili ni kwamba mwanga uwe mwingi, lakini chanzo chake kisionekane.

Umbo la taa

Taa za kuzama hutofautiana kwa kina. Zipo ambazo uso wake unaotoa mwanga uko sawasawa na dari. Hizi huonekana kutoka kila pembe ya chumba na humulika machoni. Zipo nyingine ambazo chanzo chake kimerudi juu, ndani ya kikombe chenye kina cha sentimita kadhaa. Mtu aliyeketi upande wa pili wa chumba huuona mwanga sakafuni na ukutani bila kukiona chanzo chenyewe. Kwa nyumba yenye mzee, aina hii ya pili ndiyo bora.

Jambo la pili ni upana wa miale, ambao huandikwa kwenye boksi kwa nyuzi. Miale myembamba, kama nyuzi 24 au 36, hupendeza juu ya picha au kasha la njumu, lakini sakafuni huacha madoa ya mwanga yaliyotenganishwa na giza. Jicho dhaifu huweza kulidhania doa la giza kuwa shimo au kidato. Kwenye ukumbi, njia na ngazi, chagua nyuzi 60 au zaidi ili mwanga uenee kwa usawa.

Mahali pa kuiweka taa ni sehemu ya uchaguzi huo. Kikombe chenye kina humsaidia aliyeketi au aliyesimama. Hakimsaidii aliyelala chali, kwa kuwa yeye huitazama taa kutoka chini yake. Mgonjwa, mzazi aliyejifungua na mtoto mchanga hutumia saa nyingi katika hali hiyo. Usiweke taa ya kuzama juu ya mto wa kitanda. Iweke karibu na ukuta, mwanga urudi chumbani kwa kuakisiwa.

Umaliziaji

Watu wengi humaliza muda wao dukani wakichagua baina ya ringi nyeupe, nyeusi, ya shaba, ya nikeli au ya kromu. Kwa jicho, sehemu yenye uzito zaidi ni uso wa ndani wa kikombe. Kikombe kinachong'aa kama kioo hugeuka kuwa taa ya pili inayomulika macho. Kikombe chenye rangi iliyofifia, hasa nyeusi isiyong'aa, humeza miale ya pembeni na kuifanya taa ionekane kana kwamba imezimwa, ilhali chini yake kuna mwanga wa kutosha. Ringi ya nje inaweza kuwa nyeupe ili ipotee darini.

Kisiwani kwetu kuna hoja nyingine, nayo ni chumvi. Upepo wa bahari hubeba chumvi inayopenya kwenye nyufa ndogo za kromu iliyopakwa juu ya chuma, na kutu huanzia hapo. Alumini iliyopakwa rangi vizuri au plastiki imara hudumu zaidi. Kwa chooni na bafuni, chagua taa iliyotengenezwa kustahimili unyevu.

Rangi ya mwanga

Kwenye boksi huandikwa pia namba yenye herufi K. Namba 2700 hadi 3000 humaanisha mwanga wa joto, wenye umanjano kidogo. 4000 ni mweupe wa kati. 6500 ni mweupe unaoelekea ubuluu. Wengi hununua 6500 kwa kudhani kuwa mweupe zaidi ndio bora zaidi.

Retina ina seli maalumu zenye melanopsini, ambazo huhisi zaidi mwanga wa buluu wa karibu nanomita 480 na kuijulisha saa ya ubongo kwamba bado ni mchana. Ubongo hapo huchelewesha homoni ya usingizi, melatonini. Mwanga mkali wa 6500 chumbani saa tatu usiku humnyima mtu usingizi, na aliyekosa usingizi huamka kwa ajili ya sala ya alfajiri akiwa na mwili usio imara. Vyumbani na ukumbini tumia 2700 hadi 3000. Jikoni 4000 inafaa. Ieleweke kuwa taa za kawaida za LED za nyumbani hazijathibitika kuharibu retina. Tatizo lake ni mng'aro na usingizi.

Tazama pia alama ya CRI au Ra, inayoonyesha jinsi rangi za vitu zinavyobaki katika hali yake ya kweli. Isipungue 80, penye dawa na chakula, 90 ni bora, kwani mgonjwa hutofautisha vidonge kwa rangi. Umanjano wa ngozi ya mtoto mchanga usichunguzwe chini ya taa yoyote ya nyumbani: mtazame mchana, karibu na dirisha, na ukiuona mpeleke hospitali.

Nyumba za Mji Mkongwe

Mji Mkongwe uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000. Dari za nyumba zake za kale ni boriti za mikoko zilizobeba mawe na chokaa, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa vyumba. Dari hizi hazina nafasi ya kuzamishia taa, na kuzitoboa huingiza unyevu na kudhoofisha boriti. Humo, taa za ukutani zinazomulika juu, kwenye chokaa nyeupe, hutimiza kanuni ileile ya kuficha chanzo. Kabla ya kugusa muundo wa nyumba, wasiliana na Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe.

Ngazi za nyumba hizo ni za mwinuko mkali. Weka taa ndogo ya joto kando ya vidato vya chini na vya juu, iwake usiku kucha, na upake mstari wa rangi tofauti kwenye ukingo wa kila kidato. Tusisahau kuwa Unguja ilikosa umeme kwa takriban mwezi mmoja mwaka 2008, kisha kwa takriban miezi mitatu kuanzia Desemba 2009. Taa ya kuzama haibebeki. Taa ya kuchaji iwekwe mahali pamoja panapojulikana na wote, karibu na kitanda cha mzee.

Muhtasari

Unapokwenda dukani, kagua mambo matano kwa utaratibu huu: kina cha kikombe, uso wake wa ndani usiong'aa, upana wa miale, namba ya K, na CRI. Ringi ya nje iwe ya mwisho. Omba taa iwashwe, kisha uitazame kupitia kamera ya simu: mistari inayotembea huashiria mpepeso, ambao huweza kuchochea maumivu ya kichwa. Taa ikishafungwa nyumbani, mketishe mzee wa nyumba mahali pake pa kawaida, umwulize anaona nini. Akikunja uso au akijikinga kwa kiganja, taa hiyo haijamfaa, hata ikiwa imempendeza kila mgeni.