Sungura wa Rangi ya Ajabu



Mwezi huu somo letu ni juu ya rangi za wanyama. Msomaji mwingine atauliza, "Rangi ya mnyama yanihusu nini mimi niliye na ekari zangu za mahindi na kunde?" Yamhusu sana. Kwa ajili ya rangi tu, mkulima mmoja wa skimu ya makazi upande wa Kwale alikaribia kutega sumu katika shamba wanamochezea watoto wake, na mwenziwe alikaribia kumshitaki jirani yake kwa chifu. Habari zote mbili nilizipata barazani, hapa Kuze.

Mimi nakaa Kuze, katika Mji wa Kale wa Mombasa. Jioni, kazi ya ofisi ikiisha, huketi barazani pamoja na wazee, kahawa ikipita. Siku moja alikuja mgeni, mkulima aliyevuka kwa feri ya Likoni kuja kumtazama shangazi yake mgonjwa. Baada ya salamu akasema:

"Wazee wangu, nimeona jambo. Alfajiri nimemkuta sungura mweupe kama pamba katikati ya kunde zangu. Jirani mmoja aniambia ni jini, mwingine asema ni maradhi yatakayoenea kwa mifugo. Mimi nimekwisha kununua sumu."

Mzee mmoja akatikisa kichwa. Katika ujana wake, kabla ya mwaka 1977, alikuwa akivuka kwenda bara kuwinda kwa nyavu. "Mwanangu," akasema, "sisi tulimnasa mmoja mweusi kama mkaa. Hapana aliyethubutu kumgusa. Tukakata wavu, akaenda zake, nasi tukarudi mikono mitupu. Hata leo sijui alikuwa kitu gani."

Kisha wote wakanigeukia mimi. "Haya, Mwalimu, wewe ndiwe karani wa kilimo. Tupe jibu."

Nilimwomba mgeni asiitumie ile sumu kwanza, nami nikaenda kusoma na kumwuliza Afisa wa Mifugo. Majibu niliyoyapata ndiyo somo hili.

1. SUNGURA NI WA NAMNA MBILI

Kwa Kiswahili twasema "sungura" tu, lakini yule wa porini na yule wa kufugwa ni wanyama mbalimbali. Wazee wengine wa pwani humwita wa porini kitungule. Huyu ana miguu mirefu, masikio marefu yenye ncha nyeusi, na hukaa juu ya ardhi chini ya kichaka. Watoto wake huzaliwa wakiwa na manyoya, macho yamefunguka.

Sungura wa kufugwa asili yake ni Ulaya. Jamaa zake wa porini huko huchimba mashimo ardhini. Watoto wake huzaliwa uchi na vipofu, baada ya mimba ya siku 31 hivi, na mama huwatandikia manyoya yake mwenyewe. Wanyama hawa wawili hawazaliani. Basi asije mtu akawaambia kwamba sungura wake mweupe amepata mimba kwa kitungule wa msituni.

2. RANGI HUTOKA WAPI

Mng'oe sungura wa porini unyoya mmoja wa mgongoni, uutazame juani. Utaona kwamba hauna rangi moja. Sehemu moja ni ya kijivu, nyingine nyeusi, nyingine ya manjano kama majani makavu. Manyoya mengi ya namna hiyo yakiwa pamoja, jicho huona rangi ya vumbi na nyasi. Hiyo ndiyo silaha yake. Akilala kimya, tai hupita juu asimwone, na mondo hupita kando asimtambue.

Kitu kinachotia rangi katika manyoya, ngozi na macho huitwa melanini. Iko ya namna mbili, moja huleta weusi na udongo wa kahawia, na nyingine huleta manjano na wekundu. Mwili hutengeneza melanini kwa kufuata maagizo uliyoyarithi kwa wazazi. Agizo moja likiharibika au likibadilika, rangi nayo hubadilika:

(a) Melanini isipotengenezwa kabisa, mnyama huwa mweupe na macho yake huwa ya waridi, kwa sababu damu ndiyo inayoonekana ndani ya jicho. Huu ndio ualbino.

(b) Melanini ikikosa kufika katika manyoya, lakini ikawamo machoni, mnyama huwa mweupe au mwenye mabaka meupe, na macho yake hubaki meusi.

(c) Melanini nyeusi ikizidi, mnyama huwa mweusi mwili mzima.

Mambo haya yametokea hapa hapa Kenya, tena kwa wanyama wakubwa wanaoonekana na watu wengi. Katika mwaka 2017 twiga mweupe na mtoto wake, wenye macho meusi, walijulikana katika hifadhi ya Ishaqbini, Garissa. Mwaka 2019 zilienea picha za chui mweusi wa Laikipia, na mwaka huo huo alionekana Maasai Mara mtoto wa punda milia mweusi mwenye madoa meupe badala ya milia. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa jini. Wote walikuwa wanyama wa kawaida wenye agizo moja la rangi lililo tofauti. Yamkini hata yule sungura wa wavuni wa mzee wetu alikuwa hivyo hivyo.

3. RANGI ILIYOFICHIKA

Sasa tufike kwenye ule ugomvi wa jirani na jirani. Mkulima wa pili, rafiki wa yule mgeni, alikuwa na majike mawili ya sungura wa rangi ya majani makavu, na dume la rangi hiyo hiyo alilouziwa na jirani yake. Jike moja lilizaa watoto wanane, na wawili kati yao walikuwa weupe pepe. Yule bwana akakasirika. Alisema jirani amemwuzia dume la asili mbovu, kisha usiku akaingiza dume lake jeupe kibandani. Maneno yakawa makali, na barua ya chifu ikaanza kuandikwa.

Jirani hakuwa na kosa lolote. Sikilizeni sababu yake.

Kila mnyama hupokea maagizo ya rangi mawili mawili, moja kwa baba na moja kwa mama. Maagizo haya huitwa jeni. Tuseme jeni ya kutengeneza rangi ni R, na ile isiyotengeneza ni w. R ina nguvu kuliko w. Kwa hiyo:

RR – sungura ana rangi.
Rw – sungura ana rangi vile vile, lakini amebeba weupe uliofichika.
ww – sungura ni mweupe.

Ukimtazama RR na Rw hutaona tofauti yoyote. Lakini Rw akipandana na Rw, kila mtoto aweza kupata moja ya hali nne: RR, Rw, wR au ww. Maana yake, kwa wastani, katika kila watoto wanne mmoja atakuwa mweupe, na katika wanane wawili. Ndivyo hasa ilivyokuwa katika kibanda kile. Weupe ulitoka kwa baba na kwa mama pia, nao waweza kuwa ulijificha tangu zamani za mababu. Lakini jueni kwamba hesabu hii ni ya wastani tu. Jike laweza kuzaa wanane wenye rangi wote, au weupe wanne.

Aliyegundua kanuni hii ni Gregor Mendel, mtawa wa mji wa Brno. Alipanda njegere miaka mingi, akahesabu mbegu moja moja, na kutangaza kazi yake mwaka 1866. Mkulima anayehesabu na kuandika naye aweza kujua mengi.

Ukitaka kujua kama dume lako lina weupe uliofichika, lipandishe kwa jike jeupe lenye macho ya waridi, kama New Zealand White. Akizaliwa hata mtoto mmoja mweupe, basi dume limebeba w. Wakizaliwa wengi wenye rangi wote, katika mizao miwili au mitatu, yaelekea halikubeba. Weupe huo si ubovu. New Zealand White ni weupe wa ualbino, nao ni katika sungura wa nyama wanaopendwa sana.

4. SI KILA RANGI NGENI NI YA KUZALIWA

Msifanye haraka kuamua. Tembo wa Tsavo huonekana wekundu, lakini wekundu huo ni udongo wanaojirushia. Sungura aliyelala katika udongo mwekundu naye huchukua rangi yake. Palahala dume wa Shimba Hills huwa mweusi akikomaa, na jike lake ni la kahawia. Hiyo ni desturi yao. Sungura wa California huwa mweusi puani, masikioni, miguuni na mkiani tu, kwa kuwa rangi yake hutokea pale mwili ulipo baridi. Penye joto jingi weusi huo hupungua.

Usiku ukimmulika sungura kwa tochi, macho yake yatang'aa mekundu hata kama ni ya kahawia. Rangi ya macho itazameni mchana.

Tena tofautisheni rangi na maradhi. Manyoya yakinyonyoka, ngozi ikifanya magamba puani, masikioni na miguuni, huo ni ukurutu unaoletwa na wadudu wadogo, nao huambukiza. Mtenge mnyama huyo na mwiteni Afisa wa Mifugo.

5. UKIMWONA, FANYA HIVI

Kwanza, usimwue. Uwindaji umekatazwa Kenya tangu mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza hata kuwinda kwa ajili ya kitoweo. Wale twiga weupe wa Ishaqbini, mama na mtoto, waliuawa na majangili, na mizoga yao ikapatikana Machi 2020. Akabaki dume mmoja, naye akafungwa chombo cha kumfuatia mwezi wa Novemba mwaka huo. Mnyama wa rangi ngeni ana taabu ya kutosha, maana adui humwona kwa mbali. Hana haja ya kuongezewa sisi.

Pili, usitege sumu. Sumu haichagui, itamwua kuku, mbwa na hata mtoto. Kunde zilindwe kwa ua wa miiba au waya wa kuku wa kimo cha futi 3 hivi, na vichaka vya kando ya shamba vifyekwe.

Tatu, tazama mwenendo wake. Mnyama wa porini mwenye afya hukimbia. Asipokimbia, ama amezoea watu, ama ni mgonjwa. Usimshike kwa mkono mtupu. Mnyama yeyote akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku ile ile, kwa hofu ya kichaa cha mbwa.

Nne, uliza majirani kama wamepotelewa. Wala usiwaachilie sungura wa kufugwa porini. Huko Australia, mwaka 1859, bwana mmoja aliwaachilia sungura kama 24 apate kuwinda. Walizaana hata wakaharibu malisho ya sehemu kubwa ya nchi, na hasara yake ipo mpaka leo.

MWISHO WA HABARI

Yule mgeni alirudi kwake na sumu akaifungia sandukuni. Alfajiri ya pili alimkuta tena sungura wake, akamtazama vizuri. Macho yalikuwa ya waridi, masikio hayakuwa na ncha nyeusi. Akamtupia jani la sukuma wiki, na sungura akalijia. Alikuwa wa mama mmoja mjane, shamba la tatu kutoka kwake, aliyekuwa akimtafuta siku sita. Sungura huyo alikuwa na mimba, na wanawe ndio karo ya mtoto wa mama yule. Sumu ingekula karo hiyo.

Nao wale majirani wawili walipoonyeshwa hesabu ya Rw juu ya karatasi, barua ya chifu ikachanwa.

Nimalizie na jambo kubwa zaidi. Kanuni hii ya sungura ni ile ile kwa binadamu. Mtoto mwenye ualbino hupata jeni moja kwa baba na moja kwa mama, ingawa wote wawili ni weusi. Hapana sababu ya kumtuhumu mama uzinifu, wala kusema nyumba imelaaniwa. Baba anayemfukuza mkewe kwa hilo amefukuza nusu ya jambo. Nusu ya pili amebaki nayo mwilini mwake. Mtoto huyo apewe kofia pana, nguo za mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua, akapimwe macho, na darasani aketi mbele. Akili yake ni kama ya wenziwe.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja tofauti tatu kati ya sungura wa porini na wa kufugwa.
2. Sungura wawili wa Rw wamezaa watoto 12. Kwa wastani, wangapi watakuwa weupe?
3. Sungura mweupe ana macho meusi. Je, huo ni ualbino? Eleza.
4. Kwa nini macho ya sungura yasiamuliwe rangi kwa tochi?
5. Jirani yako aona sungura mweusi shambani, naye anunua sumu. Utamwambia nini?