Impact ni ya Kichwa cha Bango

SWALI: Fonti ya Impact inapendeza kwenye kichwa cha bango, lakini nikiitumia kwenye maelezo ya chini haisomeki. Kwa nini?

JIBU: Impact haikuchorwa kwa ajili ya maelezo. Mbunifu wake, Mwingereza Geoffrey Lee, aliitoa mwaka 1965 kupitia Stephenson Blake, kampuni ya Sheffield iliyotengeneza herufi za uchapaji. Ni fonti ya vichwa vya habari na matangazo: herufi nene, zilizobanwa ubavuni, zinazojaza nafasi finyu kwa wino mwingi.

Itazame kwa karibu herufi “e”. Tundu lake limebaki kama ufa tu. Kwa pointi 72 ufa huo unaonekana vizuri. Kwa pointi 10 wino huuziba, na “e”, “a” na “o” huanza kufanana.

Kwenye kichwa, hata hivyo, ubanaji huo ni msaada mkubwa kwa Kiswahili. “Tunawakaribisha” lina herufi 15. Fonti pana humlazimisha mbunifu kulipunguza ili litoshe kwenye mstari mmoja. Iliyobanwa humwezesha kulikuza.

Anayetaka sura nyembamba zaidi ajaribu League Gothic, fonti huria iliyotokana na Alternate Gothic, kazi ya Mmarekani Morris Fuller Benton ya mwaka 1903.

Tarehe, mahali na namba za simu ziandikwe kwa fonti ya kawaida, kama Open Sans. Kabla ya kuchapa bango zima, nakala ya majaribio ibandikwe ukutani na isomwe kutoka upande wa pili wa chumba.