Niliyojifunza Kumpeleka Mama Mumbai

Mimi naishi Kibaha, mama yuko Kisarawe. Alipopewa rufaa ya kwenda India kutibiwa moyo, nilichohofia ni huko angani tu. Kumbe!

1. Saa ya tiketi si saa ya ukutani. Tiketi iliandikwa 04:10. Nami kwa haraka zangu nikamwambia dereva wa teksi, "Ndege ni saa nne." Saa sita usiku nampigia, simu inaita tu. Mwenzangu kalala, anangoja saa nne ya asubuhi. Tukashuka vilima vya Pugu kwa bajaji ya jirani, mama kajitanda kanga mbili, sanduku nimelibana kwa magoti. Sasa nasema "saa kumi na dakika kumi, alfajiri ya kuamkia Alhamisi", halafu namtaka dereva anirudishie maneno hayo.

2. Kilometa hazigawanyiki kirahisi. Dar es Salaam hadi Mumbai ni karibu kilometa 4,700 kwa mstari ulionyooka. Ndege kubwa ikishatulia juu hukimbia kama kilometa 900 kwa saa, nikapiga hesabu: saa tano na kidogo. Tiketi ilisema sita. Muda huo huanza ndege inapoacha maegesho na kuisha inapoegeshwa tena, na ndani yake mna kutambaa uwanjani, kupanda, kushuka, pengine na kuzunguka ikingoja zamu ya kutua. Mama akasema, "Kumbe na huko kuna foleni."

3. Kwa mgonjwa, tafuta ndege ya moja kwa moja. Air Tanzania ilianza safari za Mumbai Julai 2019. Ukipitia Dubai au Doha unaweza kupunguza nauli, lakini mtu wa moyo kulala kwenye viti vya kusubiria, hapo umeokoa nini?

4. Karatasi ya kurudi hudanganya macho. Kuondoka Mumbai 14:00, kufika Dar es Salaam 17:30. Mdogo wangu akauliza, "Mbona saa tatu na nusu tu? Wamepata njia ya mkato?" India imetutangulia kwa saa mbili na nusu. Kwenda, karatasi inaziongeza, kurudi, inazipunguza. Kiuno kinahesabu sita kotekote.

5. Kibaha na Kisarawe ni jirani kwenye ramani tu. Kwa mstari ni kilometa ishirini na kidogo. Ndege iliyo kwenye mwendo wake ingezimaliza kwa dakika moja na nusu. Tulipotoka uwanjani jioni ile, shemeji akamchukua mama: Gongo la Mboto, Pugu, nyumbani. Mimi nikaifuata Barabara ya Morogoro pamoja na wote waliotoka kazini. Ubungo. Kimara. Saa tatu kasoro simu ikalia.

"Umefika, mwanangu?"

"Bado, mama. Niko Mbezi."

"Haya. Mimi nimeshaoga, nimekula, nalala."