KUMSAIDIA JIRANI KATIKA KAZI YA HATARI

Ndugu walioingia katika Uislamu karibuni, na hata wale ambao bado wanauchunguza, husikia mapema sana habari za haki za jirani. Huyasikia mafundisho hayo wakayapenda, kwa kuwa moyo wa kila mtu mwema huyakubali. Lakini mafundisho yakishafika uani, maswali huzuka. Jirani abisha hodi saa mbili ya usiku. Lori lake limechemka njiani, na kesho alfajiri lapaswa kupakia mahindi. Fundi wa mjini ametaja malipo ambayo jirani hana. Naye amesikia ya kwamba wewe uliwahi kufanya kazi gereji. Ataka mfungue injini usiku huu huu, kwa taa ya mkono na jeki moja ya kuazima. Je, dini yakutaka uitikie? Na ukikataa, umeivunja haki ya jirani?

Kwanza ifahamike jirani ni nani. Katika Sura An-Nisaa, aya ya 37, Mwenyezi Mungu ameagiza wema kwa jirani aliye karibu na kwa jirani aliye mgeni, wala hakuweka sharti la dini. (Msomaji mgeni asishangae akiikuta aya hiyo ina namba 36 katika tafsiri nyingine. Sisi huihesabu Bismillahi iliyo mwanzoni mwa sura kuwa ni aya ya kwanza, na kwa hiyo hesabu yetu huzidi kwa moja.) Hazrat Abdullah bin Amr r.a., mbuzi alipochinjwa nyumbani kwake, aliuliza kama jirani yake Myahudi amepelekewa nyama. Akaeleza kwamba alimsikia Mtume Mtukufu s.a.w. akisema ya kuwa Jibrili alimwusia sana juu ya jirani, hata akadhani atamfanya kuwa mrithi. Basi mwenye lori awe Mkristo, awe Mhindu, awe hana dini yo yote, haki yake haipungui.

Sasa tuitazame hadithi nyingine, iliyomo katika Bukhari na Muslim, ambayo yaligusa jambo letu moja kwa moja. Hazrat Abu Dharr r.a. alimwuliza Mtume s.a.w. ni tendo gani lililo bora. Akajibiwa kuwa ni kumwamini Mwenyezi Mungu na kufanya jihadi katika njia yake. Akauliza tena juu ya kuwapa watumwa uhuru, akajibiwa. Akasema, je, kama nikishindwa? Akaambiwa amsaidie mwenye kufanya kazi ya ufundi, au amfanyie kazi yule asiyeijua. Akauliza, na kama nikishindwa hata hilo? Akaambiwa awazuilie watu madhara yake, kwa maana hiyo ni sadaka aitoayo kwa ajili ya nafsi yake.

Wahubiri wengi huisimulia hadithi hii wakaishia kwenye kumsaidia fundi. Mimi naona ya kuwa ngazi ile ya mwisho ndiyo inayosahauliwa, nayo ndiyo inayohitajiwa zaidi usiku ule jirani anapobisha hodi. Mtume s.a.w. hakuihesabu kuwa ni udhuru wa mvivu. Ameiita sadaka. Mtu anayejua mwisho wa ujuzi wake, akauzuia mkono wake usimletee jirani hasara, ametoa kitu.

Kurani Tukufu yatuonyesha jambo hili katika maisha ya Nabii Musa a.s. Katika Sura Al-Qasas misaada yake miwili imesimuliwa karibu karibu. Wa kwanza ni ule wa mjini, katika aya ya 16. Mtu wa kabila lake alikuwa akipigana na adui, akamwita Musa a.s. amsaidie. Musa a.s. akampiga yule adui ngumi moja, akafa. Hakukusudia kuua. Alikusudia kumwokoa mtu anayedhulumiwa, na nguvu alikuwa nazo, lakini mambo yalitendeka kwa ghafula, pasipo nafasi ya kuuliza chanzo cha ugomvi. Kesho yake mtu yule yule alikuwa katika ugomvi mwingine, akipiga kelele za kuomba msaada tena, ndipo Musa a.s. akamwambia wazi ya kwamba yeye ni mpotovu.

Msaada wa pili ni wa Madyani, katika aya ya 24 na 25. Huko aliwakuta wachungaji wakinywesha wanyama wao kisimani, na wanawake wawili wamesimama kando wakizuia wao. Hakukimbilia kamba. Alianza kwa kuwauliza wana jambo gani. Wakamweleza ya kwamba hawawezi kunywesha mpaka wachungaji waondoke, na baba yao ni mzee sana. Ndipo akawanyweshea, kisha akaenda zake kivulini, hakudai kitu. Halafu katika aya ya 27 mmoja wa wanawake wale amwambia baba yake amwajiri mtu huyo, kwa kuwa aliye bora wa kuajiriwa ni mwenye nguvu na mwaminifu. Hizo ni sifa mbili, na moja pasipo nyingine haitoshi. Nguvu ni pamoja na ujuzi na vyombo vya kazi. Uaminifu ni pamoja na kusema kweli juu ya yale usiyoyaweza.

Basi tuingie gereji. Jirani asema lori limechemka. Ukiuliza kama Musa a.s. alivyouliza Madyani, huenda ukapata majibu haya: maji hupungua katika rejeta ijapokuwa hayavuji chini, moshi mweupe hutoka hata injini ikishapata moto, oili imekuwa kama maziwa. Dalili hizi zaonyesha kwamba gasketi ya silinda hedi imeungua, au hedi yenyewe imepinda au kupasuka kwa joto. Sasa umejua ya kuwa hii si kazi ya saa mbili. Hedi yapaswa kufunguliwa injini ikiwa imepoa, ipelekwe kupimwa kama imenyooka, na pengine ichongwe kwa mashine. Bolti zake hukazwa kwa mpango uliowekwa na mtengenezaji, kwa kawaida kutoka katikati kwenda pembeni, kwa awamu, na kwa spana inayopima nguvu. Anayezikaza kwa kukisia na bomba refu aweza kuifanya gasketi mpya iungue kabla ya wiki kwisha. Tena ikiwa maji yamejaa ndani ya silinda, kule kujaribu tu kuiwasha injini kwaweza kupinda konrodi, maana maji hayashindiliki kama hewa. Kwa maswali machache umemwepushia jirani hasara iliyo kubwa kuliko bei ya fundi, na mkono wako haujagusa hata nati moja.

Hatari nyingine ni za mwili. Maji ya rejeta yaliyofungwa kwa kifuniko huweza kupita digrii 100 za sentigredi bila kuchemka, kwa sababu ya mgandamizo. Kifuniko kikifunguliwa ghafula, mgandamizo huondoka, na maji hugeuka mvuke papo hapo, yakarukia uso wa aliyeinama. Malori mengi chumba cha dereva huinamishwa mbele ili injini ionekane. Chumba hicho ni kizito mno, na nguzo yake ya chuma isipofungwa sawasawa huweza kumwangukia aliye chini. Jeki nayo imetengenezwa kuinua, si kushikilia. Mtu asiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Yawekwe magogo imara au vyuma vya kuegemeza, na magurudumu yaliyo chini yazuiwe kwa mawe. Injini isiwashwe ndani ya banda lililofungwa, kwa kuwa katika moshi wake mna gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua.

Iko hatari moja ambayo hata vijana wa gereji huidharau. Baadhi yao hujaribu nozeli za dizeli kwa kuukinga mnyunyizo kwa kiganja, au hutafuta mahali panapovuja kwa kupapasa bomba kwa kidole. Mgandamizo wa nozeli hushinda ule wa gurudumu la lori kwa mara nyingi sana. Dizeli hupenya ngozi, ikaacha alama ndogo kama ya sindano. Mtu hafahamu kuwa ameumia, aendelea na kazi, kisha mkono wavimba na nyama za ndani zaanza kufa. Mtu wa namna hiyo apelekwe hospitali papo hapo, hata kama haumwi, na mganga aelezwe wazi kwamba ni dizeli iliyoingia kwa nguvu. Akichelewa aweza kukatwa kidole au mkono.

Huenda mtu akasema: kwa nini hofu yote hii, na uhai u mkononi mwa Mwenyezi Mungu? Jawabu alilitoa Mtume s.a.w. mwenyewe, katika hadithi ya Tirmidhi, alipomwelekeza mtu aliyeuliza habari za ngamia wake kwamba amfunge kwanza, kisha ndipo amtegemee Mungu. Gogo lililo chini ya lori ni kamba ya ngamia huyo. Wengine huitaja pia aya ya 196 ya Sura Al-Baqara, inayokataza watu kujitia katika maangamizo kwa mikono yao. Ni haki tuseme kwamba aya hiyo imekuja katika maneno ya kutoa mali katika njia ya Mungu, na Hazrat Abu Ayyub r.a. aliwakumbusha hilo watu waliomwona askari shujaa akishambulia peke yake wakadhani amevunja aya. Hata hivyo wanazuoni wameitumia pia kwa kila anayejiangamiza bure, na sioni kosa katika hilo.

Swali la pili ni la dhamana. Je, mtu aliyesaidia bure, kwa nia njema, akaharibu, anadaiwa? Katika Abu Daud imo hadithi isemayo ya kuwa mtu anayejifanya tabibu hali hajulikani kwa utabibu, yampasa kulipa madhara anayoyasababisha. Wanazuoni wa sheria hawakuiacha kanuni hiyo kwa waganga peke yao; waliitumia na kwa mafundi wengine. Nia njema humfaa mtu mbele ya Mungu, lakini haiirudishi pistoni iliyovunjika. Kwa hiyo jirani aambiwe mapema, mbele ya mkewe au ndugu yake: jambo hili nalijua, hili silijui, na hili nimeliona likifanywa na wengine tu. Maneno haya ni mazito kuyatamka, hasa kwa mtu anayesifiwa mtaani kuwa ni fundi.

Tena lori haliendeshwi uani. Litapita barabarani pamoja na mabasi na watoto wa shule. Mwenye kuijua njia ya Morogoro hadi Iringa aijua milima ya Kitonga, mahali ambapo injini dhaifu huchemka wakati wa kupanda, na gari lililopungukiwa breki huwa hatari wakati wa kushuka. Jirani akisema, wewe funga tu ilivyo, mimi nitaendesha polepole, anaahidi roho za watu asiowajua. Hapo haifai kumtii. Mtume s.a.w. alipofundisha kumsaidia ndugu hata akiwa mdhalimu, Masahaba waliuliza itawezekanaje, naye akaeleza kuwa ni kwa kumzuia asidhulumu.

Je, baada ya kukataa kufunga injini usiku, umebakiwa na nini cha kumpa? Ni kingi, na kwa maoni yangu hapa ndipo wengi wanaposhindwa, kwa kuwa wakishasema hapana huona kazi imekwisha. Nenda naye alfajiri kwa mwenye mahindi, umsemee apewe siku tatu. Mtafute fundi unayemwamini, umwulize kama atapunguza malipo iwapo ninyi wawili mtafungua vitu vya nje, mtasafisha vyuma na kubeba hedi hadi kwenye mashine. Shika taa. Tafuta magogo. Mwenzako akiwa chini ya gari usiondoke, wala usimwache mtoto asogelee jeki. Utingo aliyechoka apelekwe kulala. Kazi ikiisha, lori lijaribiwe tupu, mahali tambarare, kisha lisimamishwe na kutazamwa kama maji na oili vimebaki sawa, kabla ya kubeba hata gunia moja.

Kama umemkopesha fedha za gasketi, iandikwe, ijapokuwa ni jirani na mmekula sahani moja. Aya ya 283 ya Al-Baqara imeagiza deni la muda liandikwe, na mwandishi awe mwadilifu. Naye akichelewa kulipa kwa kuwa lori halijaanza kumletea faida, iko aya ya 281 katika sura hiyo hiyo, inayotaka mwenye shida apewe muda mpaka apate wasaa, na kwamba kumsamehe deni lenyewe ni bora zaidi.